Majiko ya Jirani Yalinivusha

Ushuhuda huu ni wenu nyote, Wakristo na Waislamu, na utaona mbele kwa nini nasema hivyo.

Najua kati yenu yupo ambaye usiku wa leo hatalala. Simu ameizima kwa sababu ya deni. Au ana mgonjwa wodini, asubuhi inatakiwa dawa, na mfukoni hana kitu. Au ni mama lishe kama mimi, jiko lake limezimika na hajui ataliwasha lini. Nakuandikia wewe hasa. Nilikuwa hapo ulipo. Mungu amenitoa, na alinitoa kwa mikono ya ndugu zangu na ya wapishi wenzangu wa Ng'ong'ona, watu niliokuwa nagombea nao wateja kila siku.

Mimi ni mzaliwa wa Chamwino, kwa wakulima wa uwele, mtama na karanga. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na ikikatika mapema, mwaka huo watu wanalala njaa. Kupika nilifundishwa na mama kabla sijaanza shule. Nilipoolewa tukahamia Dodoma mjini. Mume wangu ni fundi ujenzi. Mimi nikafunga turubai Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, nikaanza kuuza chapati, uji na maharage.

Asiyeijua Ng'ong'ona, ni mtaa uliokuzwa na chuo. UDOM kilianzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, na kilikusudiwa kuchukua wanafunzi 40,000. Watu wakajenga hosteli, na penye hosteli lazima pawe na majiko. Kwenye safu yetu kulikuwa na baba mmoja wa Singida anauza supu ya mbuzi tangu alfajiri. Kulikuwa na mama wa Tanga, mtu mzima, mpishi wa pilau na wali wa nazi. Kulikuwa na kijana wa Iringa na chipsi zake. Kulikuwa na dada wa Bukoba aliyekuwa akipika ndizi. Kila mtu alikuja na chakula cha kwao, na mwanafunzi aliyetoka mbali na nyumbani alipata sahani iliyomkumbusha mama yake.

Halafu Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma. Wizara nyingi zikaanza kwa kukaa kwenye majengo ya UDOM. Watumishi wakaja kutoka Dar es Salaam, na mchana wakishuka kutafuta chakula waliulizia samaki, waliulizia nazi, waliulizia juisi ya baridi. Mama wa Tanga akawa hapumziki. Na sisi wengine tukajifunza. Nilianza kupika wali wa nazi mimi mtoto wa Kigogo, na watu wakala. Mama yule hakununa. Alinionyesha tui la kwanza linaingia lini na la pili lini.

Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba, watumishi wakahama na wizara zao. Tukabaki na wanafunzi. Wakati huo nilikuwa nimetoka kwenye turubai, nimepanga fremu. Nilikuwa na friza, jiko la gesi la plati tatu, masufuria makubwa, na wasichana wawili wa kunisaidia. Namshukuru Mungu kwa miaka ile. Watoto walisoma na nyumba ilikuwa na amani.

Biashara ya chakula cha wanafunzi ina kalenda yake. Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, wao wanaiita boom, wakati ule ilikuwa 8,500 kwa siku, lakini ililetwa kwa mkupuo. Boom likitoka, wanakula kuku. Likikaribia kuisha, wanakula wali maharage. Likiisha kabisa wanakuja na daftari. Unaandika jina, unaandika kiasi, unasubiri. Asiyekopesha Ng'ong'ona hauzi. Sote tulikopesha, na sote tulilipwa, maana chuo kilikuwa pale na wanafunzi walikuwa pale.

Tarehe 16 Machi 2020 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa corona amepatikana nchini. Kesho yake shule zikafungwa. Keshokutwa vyuo.

Nakumbuka masanduku. Bodaboda zinapanda na kushuka, kila moja na mwanafunzi na sanduku. Wengine walipita kuniaga. Wengine walipita upande wa pili wa barabara, na niliwaelewa, maana hawakuwa na cha kunilipa. Nilikuwa nimepika maharage ya siku nzima. Jioni niliyagawa. Daftari likabaki mezani limejaa majina ya watu waliokwenda Mwanza, Mbeya, Kigoma.

Wiki za kwanza nilijikaza. Nikawaachia wasichana waende kwao, na nauli niliwapa. Tarehe 17 mpaka 19 Aprili, Rais alipoomba nchi nzima imwombe Mungu siku tatu, nilikuwa kanisani siku zote tatu. Nyumba za ibada hazikufungwa kwetu, na hilo bado namshukuru Mungu. Niliomba ugonjwa upite. Niliomba wanafunzi warudi. Mume wangu alikuwa na kazi ya ujenzi, nikasema tutasukuma.

Haikupita hata wiki. Simu ikaita mchana. Namba nisiyoijua.

Mume wangu alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa. Ghorofa ya pili. Mguu na nyonga.

Nilikwenda hospitali na aproni mwilini. Nilimkuta anajaribu kunitabasamia. Daktari alisema lazima apasuliwe, awekewe chuma. Bima hatukuwa nayo. Nilitoa akiba yote. Haikutosha. Nikapiga simu kwa ndugu, wakachanga walichokuwa nacho, na mwezi ule kila mtu alikuwa na shida yake. Haikutosha.

Ndipo nikakopa. Wewe unayesoma unazijua fedha hizi, watu wanaziita kausha damu. Nilichukua laki nne. Nilitakiwa kurejesha laki tano na sitini ndani ya mwezi, kila siku kiasi. Dhamana ikawa vyombo vyangu vya jikoni. Mume wangu alipasuliwa, na alipona kwa fedha ile.

Marejesho ya siku za mwanzo nililipa kwa kuuza chapati kwa mafundi na bodaboda. Halafu ikaja siku sikuwa nayo. Siku iliyofuata ikaja na faini. Simu zikaanza alfajiri. Walipiga kwangu, wakapiga kwa wifi yangu, wakapiga kwa mzee wa kanisa, maana namba zao nilikuwa nimeandikishwa. Mwenye fremu naye alitaka kodi yake, na ilikuwa haki yake. Mtoto mdogo akaanza kuniuliza kwa nini sili.

Walikuja asubuhi. Watatu, na kirikuu nje.

Hawakupiga kelele. Walibeba friza. Walibeba jiko la gesi na mtungi wake. Walibeba masufuria. Moja lilikuwa na maji ya ugali, wakayamwaga. Binti yangu alikuwa ameshika mfuniko. Mmoja akamwambia, leta. Akampa.

Nilisimama tu. Mdomo ulikuwa mkavu. Majirani walikuwa wanaangalia. Sikuweza kumtazama mtu yeyote.

Mchana nilipeleka uji hospitali. Sikumwambia mume wangu. Nilimlisha, nikafuta kidevu chake, nikarudi nyumbani. Watoto wakalala.

Usiku ule sikuweza kuomba. Nilisema tu, Mungu, nisiamke. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maombi yangu yote. Kisha likaja wazo ambalo sikuwahi kuwa nalo maishani. Sitalieleza. Aliyefika pale analijua. Nilitoka nje nisije nikawa nalo karibu na watoto. Nikakaa kwenye benchi mbele ya fremu tupu. Baridi. Upepo. Mbwa kwa mbali. Niliogopa kurudi ndani. Niliogopa kuendelea kukaa.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Mama wa Tanga alikuwa ameamka kupika daku. Alipofungua mlango wa uani akaniona.

"Mwanangu, saa hizi unafanya nini nje?"

Sikuwa na jibu. Hakuuliza mara ya pili. Alinishika mkono, akaniingiza jikoni kwake, akaniketisha kwenye kigoda. Akaniwekea wali wa jioni aliokuwa ameupasha moto, na chai ya tangawizi. Nilikula nalia. Yeye alikula daku lake, akanywa maji, akasali. Mimi nikiwa nimekaa pale pale. Alipomaliza akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Mungu hakupi mzigo huo uubebe peke yako. Kukipambazuka tu, usitoke. Nitakuja mimi."

Na alikuja. Alikuja na baba wa supu, kijana wa chipsi na dada wa Bukoba. Kumbuka, ndugu yangu, hao wote walikuwa hawana wateja. Chuo kilikuwa kimefungwa kwao kama kilivyofungwa kwangu. Hakuna aliyekuwa na fedha ya kunipa. Lakini kila mmoja alikuwa na kitu. Dada wa Bukoba alitoa jiko la mkaa. Kijana wa chipsi alitoa sufuria mbili na gunia la mkaa nusu. Baba wa supu akasema, "Dada, supu yangu inaisha saa nne asubuhi. Kuanzia hapo kibanda kimekaa bure mpaka kesho. Pika wewe." Sikulipa kodi ya kibanda kile hata shilingi.

Shida ikabaki moja: nipike nini? Sikuwa na mtaji wa mchele wala wa maharage.

Siku ya pili yake mama mkwe wangu akashuka kwenye basi la kijijini. Wifi alikuwa amempigia. Aliingia akasalimia kwa Kigogo, mbukwa, kama kawaida yake, hakuuliza friza liko wapi, hakutazama ukutani palipokuwa na vyombo. Alikuwa na gunia la unga wa uwele, karanga, na mfuko wa mlenda wa kukausha. Akasema, "Mkwe wangu, hiki ndicho tulicholima. Pika hiki."

Mlenda ule huchumwa porini na mashambani wakati wa mvua, unaanikwa juani, unatwangwa, unawekwa kwa ajili ya miezi ya ukame. Ndicho chakula babu zetu walichovukia kiangazi cha Ugogo. Unachemsha maji, unatia magadi kidogo, nyanya kama ipo, unamimina mlenda huku unakoroga, unamalizia na karanga za kusaga. Ugali wa uwele ni mweusi kiasi na mzito, ukila asubuhi unafika jioni. Sikuwahi kuuweka kwenye orodha ya chakula cha fremu. Siku ile sikuwa na kingine.

Nikauza sahani kwa shilingi 1,000. Walikuja bodaboda. Walikuja mafundi waliofanya kazi na mume wangu. Walikuja walinzi wa hosteli zilizokuwa tupu, wengi wao Wagogo, na mmoja alikula akasema hajala mlenda wa namna ile tangu mama yake afariki. Kesho yake akaja na wenzake. Jioni nilihesabu fedha kidogo sana, lakini mkono haukutetemeka.

Deni lilibaki. Shemeji yangu aliuza ng'ombe. Jumuiya yetu ya kanisa ikachanga. Mtendaji wa mtaa akakaa nasi mezani na wale wakopeshaji, hesabu ikaandikwa, ikalipwa, karatasi ikasainiwa mbele yake. Vyombo havikurudi, vilikuwa vimeshauzwa. Lakini simu za alfajiri zilikoma. Idd ilipofika mama wa Tanga alipika pilau ya safu nzima, Waislamu na Wakristo tukala kwenye mabenchi yale yale.

Tarehe 1 Juni 2020 vyuo vikafunguliwa. Masanduku yale yale, sasa yanarudi. Nilisimama barabarani nikipunga mkono kama kichaa. Daftari nililitunza. Wengi walilipa boom lilipotoka, na mmoja alinipa zaidi ya alichodaiwa, akaniambia mama, nilikuwa nakuwaza. Wengine sijawaona tena. Nimewaachia Mungu, na sina kinyongo.

Kabla wanafunzi hawajajaa, wapishi wa safu yetu tulikaa. Tulikubaliana kila mtu ashike sahani yake. Asubuhi supu ni ya baba wa Singida, na chapati za kula na supu atapika mwingine. Wali na pilau ni wa mama wa Tanga. Ndizi ni za dada wa Bukoba. Chipsi ni za kijana. Mimi nikashika ugali wa uwele, wa mtama na wa mahindi, na mboga zetu za huku. Mabenchi yakawa ya wote. Mteja anakaa popote, anaagiza kwa yeyote, sahani inatembea mpaka alipo. Kundi la wanafunzi watano wa mikoa mitano likawa linaweza kula meza moja. Ndivyo mtaa wetu ulivyopata sifa yake ya chakula. Watu wa mitaa ya Area C na Kisasa walianza kuja jioni. Watumishi waliohamia Mtumba walirudi Jumamosi na familia zao.

Makubaliano yale yalijaribiwa. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 mchele ulipita shilingi 3,000 kwa kilo. Pilau ikawa chakula cha watu wachache, na mama wa Tanga akaanza kurudi nyumbani na masufuria yaliyojaa. Ilikuwa zamu yetu. Kikao kilikuwa kifupi: chapati zote za asubuhi akapewa yeye, na makande ya mchana, mpaka bei ishuke. Na mimi wateja walionijia kwa ajili ya uwele waliongezeka wakati ule ule, basi nilichukua kwake chapati za kuuza kwangu. Alivuka. Mungu ni mwaminifu.

Mume wangu anatembea. Anachechemea wakati wa baridi ya Julai, na ujenzi wa juu hawezi tena. Anatengeneza mabenchi na meza, na ndiye anayesonga ugali wa sufuria kubwa, maana mikono ya fundi inauweza. Tuna fremu tena. Tuna bima. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma katikati ya 2024, tulianza kupata wageni kutoka Dar wanaokuja asubuhi na kurudi jioni, na wanaulizia mlenda kwa jina. Mama mkwe hukaa kijijini akinunua majani ya mlenda kwa wanawake wenzake kila msimu wa mvua. Chakula kilichonikuta sina kitu sasa kinawapa hela wanawake wa kijiji kizima.

Lakini sitakudanganya kwamba woga umeisha. Chuo kikifunga kwa likizo ya kawaida, tumbo linanikata. Namba nisiyoijua ikipiga, huwa navuta pumzi kwanza. Gari likisimama mbele ya fremu asubuhi na mapema, natoka kuangalia. Binti yangu ni mkubwa sasa, na akiosha masufuria anayafungia ndani bila kuambiwa. Nikimwona nageuka nifute macho. Nimemwomba Mungu aniondolee woga huu. Ameuacha kidogo, na mimi nautumia kumtambua mwenzangu anayeupitia.

Nikuambie sasa mambo ninayoyajua, maana ushuhuda bila msaada haushibishi. Ukihitaji kukopa, uliza leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo, na Benki Kuu ndiyo inayosimamia. Asiyekupa mkataba wa kusoma na kupeleka nyumbani, mwache. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako uulizie mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ilisimama Aprili 2023, ikarudishwa 2024, na haina riba. Inataka kikundi, basi kikundi chako ni hao wapishi wanaokuzunguka. Kateni bima mapema, hata kama ni kwa kuchangiana. Wekeni akiba ya kikundi kwa ajili ya atakayeanguka. Kwetu kila jiko linatoa kidogo kila Ijumaa, na mara zote imepata mtu wa kumfaa.

Na kama lile wazo limekujia usiku, usikae nalo peke yako hata dakika tano. Toka uende penye mtu. Gonga mlango wowote wenye taa. Mwamshe dada yako, mwamshe mchungaji, mwamshe sheikh, mwamshe jirani unayegombea naye wateja. Hatakasirika. Mimi sikuwa na nguvu ya kugonga, Mungu akamfungulisha mtu mlango. Wewe kama una nguvu ya kugonga, gonga.

Mpishi uliyezimiwa jiko, nakuombea kwa jina lako ingawa silijui, na ukipita Ng'ong'ona huna hela, sema tu umesoma haya. Kaa kwenye benchi lolote. Utakula kwanza, mengine tutayazungumza ukishashiba.